Hola Iliyotaka Kunikosesha Mke

Nimeaibika leo, jamani. Nimeaibika mbele ya wakwe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kaptula. Nawasimulia mwenyewe kabla Rama hajawafikia, maana Rama akisimulia ataongeza chumvi, na hii ya leo haihitaji chumvi hata punje.

Kwa wasionijua: naitwa Shabani, kinyozi, Mwanga, nyuma kidogo ya soko. Mchumba wangu ni Mwamini wa Ujiji. Anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja inayotazama ziwa. Tumependana siku nyingi, mpaka mama yake akaanza kuniulizia kwa jina la "yule kijana wako ambaye haishi kuja". Nikaelewa. Nikatafuta mshenga, mshenga akaenda kwa baba mtu, Mzee Mrisho.

Sasa Mzee Mrisho si mtu wa haraka. Mrefu, mkimya, ukimwamkia shikamoo anakutazama kwanza kama anayekumbuka alikuona wapi, ndipo anaitikia. Mshenga alirudi na jibu fupi: "Amesema atafikiri." Akafikiri. Mfungo ukaingia, mfungo ukaisha, Idi tukala, mzee bado anafikiri! Mwisho, wiki hii, akasema Ijumaa baada ya sala ya isha atatoa neno: ama wazee wangu waende Jumamosi mchana kuposa, ama wasihangaike.

Jumamosi ndiyo leo.

Jana jioni Mwamini alinipigia. "Akishasema tu, nitakujulisha. Ikiwa usiku sana, basi asubuhi nitakuandikia." Nikamwambia haina shida, mimi ni mtu mtulivu. (Nilipiga pasi shati moja mara tatu.)

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo anayenisimamia ni Baba Mkubwa, mkulima wa Kidahwe. Alikuwa ameshaingia mjini tangu jana, kanzu yake kwenye mfuko, na dumu la mawese kwa ajili ya wakwe. Mambo yote tayari. Lililobaki ni jibu.

Asubuhi nikamwacha Baba Mkubwa anaoga, nikaenda kufungua saluni. Ningekaa nyumbani kusubiri meseji ningetafuna godoro. Kwenye kiti alikaa Mwalimu Zabroni, anafundisha shule ya msingi, mteja wangu wa siku nyingi. Kwenye benchi Rama, rafiki yangu wa bodaboda, ambaye hanyoi, anakuja tu kukaa.

Simu ikalia. Meseji. Mwamini!

Nikazima mashine. Nikafungua. Neno moja.

"Hola."

Nikasubiri la pili. Hakuna la pili.

Wengi wenu mmeshaelewa, lakini kama kuna bibi anasomewa na wajukuu zake: hola, kwa sisi vijana, ni patupu. Umetega wavu usiku kucha ukavuta maji matupu, hola. Umeomba kazi ukaambiwa utapigiwa na mpaka leo hujapigiwa, hola. Timu imekwenda ugenini ikarudi bila hata pointi moja, hola. Yaani hakuna kitu, na usiulize tena.

Na mimi nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu.

"Vipi?" Rama akauliza.

"Hola."

"Hola?"

"Hola."

Rama akashika kichwa. Mwalimu Zabroni akatoa mkono chini ya kitambaa. "Lete nione." Nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, kama anasahihisha insha.

"Ameweka nukta," akasema.

"Nukta ina nini, Mwalimu?"

"Mtu akiweka nukta amemaliza. Angekuwa na la kuongeza angeweka mkato. Pole sana, Shabani."

Nikampigia Mwamini. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

"Amezima hiyo," Rama akasema, kwa ile sauti ya watu waliozoea misiba.

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini, akanywa maji, akangoja. Mimi nikachukua simu nikatoka nyuma ya saluni, kwenye magunia ya mkaa ya jirani. Kwanza nikamwandikia "Sawa." Nikaweka na mimi nukta, aione inavyouma. Nikaona haitoshi. Nikaandika ujumbe mrefu, ule wa kushusha na kidole. Nikamwambia namwachia Mungu. Nikamwambia namtakia maisha mema. Halafu machozi yakaniziba, nikawa sizioni herufi, ikabidi nimrekodie sauti. Ilikuwa sauti ndefu. Sitaeleza hapa nilisema nini. (Mtasikia mbele, kama walivyosikia wengine.)

Rama alikuwa amenifuata. Akachungulia simu begani kwangu. "Tiki moja," akasema. "Kaka, amekubloki."

Nikarudi ndani, nikamalizia kichwa cha Mwalimu. Alipoondoka alinipa mkono wa pole, wa mikono miwili.

Nyumbani nilimkuta Baba Mkubwa ameshavaa kanzu, amekaa barazani, mikono juu ya magoti, dumu la mawese mbele yake. Amejipaka mafuta mpaka anang'aa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hola, Baba Mkubwa."

"Hola ndiyo nini?"

"Patupu. Hawataki."

Akalitazama dumu lake. "Mzee mwenyewe ndiye kasema hola?"

"Mwamini ndiye kaandika."

"Kwa hiyo tumekataliwa kwa neno ambalo hata silijui," akasema. Hakukasirika. Alivua kanzu taratibu, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye mfuko wake. "Mimi sigombani na mtu juu ya binti yake. Mahindi yangu yameshaanza kuingiliwa na nyani. Narudi nyumbani. Na mawese narudi nayo."

Nikamsindikiza mpaka kwenye magari ya Kasulu, yanayopita Kidahwe. Alikaa dirishani, dumu mapajani, akanipungia mkono. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisa kingeishia hapo, leo ningelala mapema tu. Lakini nilirudi chumbani nikaliona hotpoti. Hotpoti kubwa, la maua mekundu, la mama yake Mwamini. Aliniletea pilau siku ya Idi. Nikaliangalia, likaniangalia. Nikasema hapana, siwezi kulala na chombo cha watu walionikataa.

Nikampigia Rama. "Njoo unipeleke Ujiji. Narudisha chombo."

"Huwezi kungoja hata kesho?"

"Leo. Nataka waone sina kinyongo."

Alipofika akanitazama juu mpaka chini. "Hubadili nguo?"

"Sibadili."

Nilikuwa na hesabu zangu. Nikienda nimependeza, watasema bado nina matumaini. Nikienda hivi hivi, na kaptula ya kazini, fulana iliyojaa nywele za wateja, kandambili, watajua huyu mtu maisha yake yanaendelea. (Hesabu sijawahi kuiweza tangu shuleni.)

Tulipokaribia kwa Mzee Mrisho, harufu ya pilau ilitupokea tangu kona. Nikavuta pumzi. Iliki, bizari, nyama. Rama akapunguza mwendo.

"Kaka, hapa pana shughuli."

Nikachungulia. Uwani wamefunga turubai. Mikeka imetandikwa. Wanaume wazima wamevaa kanzu na kofia wamekaa kwa kujipanga, Mzee Mrisho katikati. Upande wa jikoni akina mama na masufuria. Ukiona hivyo, unajua kuna mtu anangojwa.

"Wamempata mwingine," nikamwambia Rama.

"Upesi hivyo?"

"Ndiyo maana alikuwa anafikiri muda wote ule! Alikuwa anatupima!"

Nikashuka. Rama akanishika mkono, nikautoa. Nikapiga hodi, nikatoa salamu, nikaingia mpaka katikati ya uwanja, hotpoti kwapani. Watu wote wakanyamaza. Hata mwiko jikoni ukanyamaza.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

Mzee Mrisho akanitazama kama kawaida yake. "Marahaba."

Nikasimama wima. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, nyuma ya pikipiki.

"Mzee, mimi sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kurudisha chombo cha mama. Uamuzi wenu nimeupokea kwa mikono miwili." (Mmoja ulikuwa umeshika hotpoti.) "Na huyo mliyemchagua, nawatakia heri naye. Mungu awape kila lenye baraka. Ni hayo tu."

Kulikuwa na mzee mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, mdogo wake Mzee Mrisho, anaitwa Mzee Athumani. Akainama kwa kaka yake, akidhani ananong'ona. "Huyu ni nani?"

"Ndiye muoaji," Mzee Mrisho akasema.

"Mbona amekuja na kaptula?"

Mzee Mrisho akanigeukia mimi. "Wazee wako wako wapi?"

"Mzee wangu amesharudi Kidahwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mmekataa."

"Nani amekataa?"

"Nyinyi. Mwamini kaniandikia asubuhi."

"Kaandika nini?"

Nikatoa simu, nikafungua pale penye meseji, nikampa. Akatafuta miwani mfukoni, akaivaa. Akasoma kwa sauti, silabi moja moja: "Ho. La." Akageuza simu kuona kama nyuma yake pana zaidi. Akampa Mzee Athumani.

"Hola," Mzee Athumani akasema. "Hola si mji wa kule Kenya? Amekwenda Kenya huyu mtoto?"

Simu ikapokelewa na mzee wa tatu, akasoma, akatikisa kichwa, akampa wa nne. Mimi nimesimama pale, jua linanipiga, nywele za wateja zinaniwasha shingoni. Ndipo mama yake Mwamini akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hola? Hebu leteni hiyo simu." Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena. "Mwanangu Shabani. Ni hiki tu ulichoandikiwa?"

"Ni hicho tu, mama."

"Sasa hii si salamu yake!"

"Salamu gani?" tukauliza wote, mimi, Mzee Mrisho na Rama kule mlangoni.

Mama akaweka mwiko kwenye sahani. "Hotelini kwao wameshukia Wahispania, familia nzima. Hola ndiyo salamu yao. Tangu Jumatatu Mwamini akiingia jikoni ananiambia 'ola, mama'. Mara ya kwanza niliruka, nikadhani ananionya kuna nyoka."

"Mbona hapa pana h?" Mzee wa nne akauliza.

"Wanaiandika, hawaitamki."

"Sasa wanaiandika ya nini?" Mzee Athumani akataka kujua.

"Nenda hotelini ukawaulize."

Nikakumbuka Jumatano Mwamini alinipigia akaanza na "Ola!", mimi nikadhani ni hallo imekatwa na mtandao. Kwenye masikio ni ola, kwenye meseji ni hola. Ningejuaje, jamani? Niambieni nyinyi, ningejuaje?

Mzee Mrisho alikuwa bado ana swali. "Hiyo ni salamu ya asubuhi au ya jioni?"

"Ya wakati wowote," mama akasema. "Asubuhi, mchana, usiku. Dukani, njiani, kwenye simu."

"Mdogo anamwambia mkubwa hola?"

"Ndiyo."

"Na mkubwa anaitikia nini?"

"Hola."

"Hola kwa hola? Hakuna shikamoo? Hakuna habari za nyumbani?"

"Hizo baadaye. Kwanza hola."

Mzee akafikiri. (Nikaogopa. Mzee huyu akianza kufikiri, mfungo unaweza kupita.) "Basi ni watu wenye haraka," akasema mwishoni.

Mama akanieleza yaliyobaki, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Jana usiku Mzee alikubali. Amekubali! Waje Jumamosi saa nane. Mwamini akaruka ruka mpaka akaambiwa akalale. Asubuhi mwenzake wa kazini akaamka na homa, ikabidi yeye awasindikize wale wageni kwa boti kwenda kuwaona sokwe, arudi mchana. Na huko mwambao wa kaskazini simu haishiki. "Aliniambia, mama, nimeanza kumwandikia Shabani lakini boti inaondoka, nitamalizia njiani."

Nitamalizia njiani! Kumbe ile ilikuwa salamu. Mtu aliyelelewa Ujiji hawezi kukupa habari kabla hajakusalimia. Mimi nikaachiwa kwenye salamu, nikavunja posa.

Akina mama wakaanza kucheka. Kwanza kwa adabu, kwenye khanga. Halafu mmoja wao akapokea hotpoti kutoka kwapani kwangu, akalifungua, akachungulia ndani. Mnajua chombo cha pilau hakirudishwi kitupu.

"Na hotpoti lenyewe hola!" akapiga kelele.

Hapo adabu ikaisha. Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata mimi nikacheka kidogo, nikaona ah, basi, limepita, wakwe ni watu wazuri. Nikaanza kutabasamu. Nikaona aibu ya leo imefika mwisho wake.

Haikuwa imefika mwisho.

Simu ilikuwa imerudi kwa Mzee Athumani. Alikuwa anaipangusa pangusa kwa kidole gumba. "Ngoja tuone kama aliandika salamu nyingine ya hawa Wahispania," akasema. Nikakiona kidole kinashuka. Nikasema, "Mzee, naomba simu y..."

Uwanja mzima ukasikia kwikwi.

Ilikuwa kwikwi yangu. Kubwa! Sikujua simu yangu ina spika nzuri namna ile.

"Mwaaamini," sauti yangu ikasema. "Mimi sina kinyongo. Ulikuwa maji yangu ya kunywa. Sasa nitakunywa nini?"

"Inazimwaje hii?" Mzee Athumani akauliza.

"Usiizime!" akina mama wakasema.

"Hata baba yako simlaumu," sauti ikaendelea. Nikafumba macho. "Mzee yule nilimwogopa tangu mwanzo. Tangu nimjue sijawahi kuyaona meno yake. Pengine hana. Pengine ndiyo maana hacheki. Mtu asiye na meno atafurahije, Mwamini?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya Ujiji ni ngumu, haikupasuka.

Na halafu, Mungu anisamehe, sauti ikaanza kuimba. Sikumbuki kuimba. Nilikuwa na uchungu. Ni wimbo nilioutunga palepale kwenye magunia ya mkaa, una jina lake na ziwa na neno "kwaheri" mara nyingi. Mahali fulani katikati nikasikia na Rama kwa mbali ananiitikia kiitikio.

Ikaisha.

Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama Mzee Mrisho. Mzee akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasimama. Ni mrefu sana akisimama. Akaingia ndani.

"Amekwenda kuchukua bakora," Mzee Athumani akaninong'oneza, na wa mtaa wa pili wakasikia.

Nikamtazama Rama mlangoni. Rama alikuwa ameshageuza pikipiki.

Mzee akatoka. Mkononi ana kanzu, nyeupe, imepigwa pasi. Akanijia mpaka tukawa tunatazamana, yaani mimi natazama kifua chake.

"Vaa," akasema. "Wazee wako wakikukuta na kaptula watasema tumekuvua nguo."

"Mzee, naomba radhi, yale maneno..."

"Shabani."

"Naam."

"Unataka kuyahesabu?"

Akafungua kinywa akacheka. Jamani, meno yote yapo! Juu na chini, mpaka magego. Alicheka kimya kimya kwanza, mabega yanatingishika, halafu sauti ikatoka, ikazidi, mpaka akalazimika kunishika bega asianguke. Mke wake akasema hajamwona hivyo tangu walipooana. Uwanja wote ukafuata. Mimi niko katikati natafuta mkono wa kanzu.

Kanzu ya mzee kwangu ilikuwa inafagia. Nikatembea nimeishika mbele kama bibi harusi.

Sasa ikabaki kazi ya kumrudisha Baba Mkubwa. Nikampigia.

"Baba Mkubwa, rudi. Wamekubali."

"Na ile hola?"

"Hola ni salamu."

"Ya nani?"

"Ya Wahispania."

Nikasikia upande wake mtu anafukuza nyani kwa debe. "Shabani," akasema, "umekula leo?"

Ikabidi Mama Mwamini apokee simu amthibitishie. Rama akaenda kumchukua Kidahwe. Akina mama wakafunika pilau, wazee wakalala kidogo kwenye mikeka, mimi nikakaa na kanzu yangu naomba wakwe wasije wakabadili mawazo. Hakuna aliyebadili. Ila kila baada ya muda mtu mmoja alikuwa anasema taratibu, "Sasa nitakunywa nini?" na kicheko kinaanza upya.

Baada ya alasiri pikipiki ikalia. Baba Mkubwa akashuka, dumu la mawese mkononi. Amevaa kanzu yake, na chini ya kanzu mabuti ya shamba yenye udongo. Rama hakumpa nafasi hata ya kunawa miguu. Na kumbe njiani Rama alikuwa amemfundisha. Maana yule mzee wangu, mtu wa heshima zake, ambaye asubuhi huamkia watu "Mwakeye" kwa lugha ya kwetu na kukuuliza mpaka habari za mbuzi, alisimama mlangoni, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kutangaza:

"HOLA!"

Na ile h aliitamka yote. Hakuiacha hata chembe.

Wazee wakatazamana. Mzee Athumani akainuka. "Hola ya patupu au hola ya salamu?"

"Ya salamu," Baba Mkubwa akasema. "Ile ya patupu nimeiacha Kidahwe."

"Hola!" wakaitikia wote, na Mzee Mrisho kwa sauti kuliko wote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Wazee wakasema ya wazee, dua ikasomwa, mawese yakapokelewa jikoni kwa vigelegele. Posa imekubaliwa. Mimi sikuruhusiwa kusema neno, na kwa kweli hakuna aliyenihitaji niseme. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Mwamini alirudi jua likielekea kuzama kwenye milima ya Kongo. Boti iliharibika injini kidogo, ndiyo maana akachelewa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akanikuta nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kanzu ya baba yake imenimeza. Macho yake mekundu.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Mtandao ulirudi tukiwa bado majini. Zikaingia zote kwa mpigo. Nikalia, nikacheka, nikalia. Wale wageni wakaniuliza una nini, nikawasikilizisha."

"Umewasikilizisha Wahispania?"

"Hawakuelewa neno hata moja. Lakini ulipoanza kuimba, yule mama alitoa leso."

Nikashika kichwa. Akakaa karibu yangu. "Na ushukuru ile meseji yangu ya pili haikuwahi kufika asubuhi. Nilikuandikia 'Baba kasema sí'."

"Kasema si? Si nini?"

"Ndiyo kwao ni sí."

Ningeipata hiyo juu ya ile ya kwanza, saa hizi ningekuwa nimeshahama mkoa.

Nimemwomba aifute ile sauti. Amekataa. Anasema ataiweka mpaka tuzeeke, na siku nikimnunia atawachezea wajukuu. Mzee Athumani naye ameomba atumiwe. Ametumiwa. Nasikia imeshafika Mwanga kabla yangu.

Basi, chekeni. Chekeni leo leo muimalize kabisa. Kesho nafungua mapema, mtakaa kwenye kiti mmoja mmoja, na mwenye wembe ni mimi.